Saa nane ya nani? Shajara ya mradi wa stadi za kazi kwa vijana wenye ulemavu, Magomeni, Dar es Salaam

Kabla ya wiki ya 1

Ukumbi tumepata Magomeni, jirani na kituo cha mwendokasi. Feni inayozunguka ni moja kati ya tatu na mlango wa choo haufungi, ila vituo vya mwendokasi vina njia ya mteremko na basi linasimama usawa wa jukwaa. Mtu wa kiti mwendo anatoka Kimara mpaka hapa bila kubebwa kama gunia. Anayetoka Gongo la Mboto ana habari nyingine: daladala, konda anayesema "kunja hicho kigari twende", na nauli ya abiria wawili. Tumeiweka kwenye bajeti. Mhasibu ameshauliza mara mbili kwa nini nauli inazidi posho ya mwezeshaji.

Waliojiandikisha ni 18, wenye umri wa miaka 18 hadi 27. Viziwi 7, wasioona na wenye uoni hafifu 4, wenye ulemavu wa viungo 3, wenye ualbino 2, wenye ulemavu wa akili 2. Mkalimani wa lugha ya alama ni mmoja. Anayeijua kazi hiyo anajua kwamba hapo tumeshakosea: wakalimani hufanya kazi wawili wawili, wakipokezana kila baada ya dakika 20 hivi, kwa sababu kichwa huchoka kabla ya mikono. Fedha ilitosha mmoja. Ratiba itajaa mapumziko.

Wiki ya 1

Mtaala niliopewa una mada nne: mawasiliano, ushirikiano, kutunza muda, kutatua matatizo. Jina lake la jumla ni "stadi laini". Mkalimani aliponiuliza "laini" aitafsiri vipi, tukacheka, maana alama aliyokuwa nayo ni ya kitambaa. Tukakubaliana kusema "tabia za kazini", nayo haikunipendeza. Inasikika kama kundi hili lina tabia mbaya inayohitaji kurekebishwa.

Siku ya pili nilifika kwenye somo la "adabu ya kupokea simu". Nusu saa nzima imeandaliwa. Mbele yangu viziwi saba wananitazama kwa upole mkubwa. Nikafunga kompyuta.

Kilichofanikiwa wiki hii hakikuwa kwenye mtaala. Viziwi waligawa majina ya alama kwa kila mtu. Mimi ni Miwani, kidole kinachosukuma fremu juu ya pua. Dada mmoja kiziwi ni Kishimo, kidole shavuni. Kijana asiyeona ambaye hatoki bila kiredio chake mfukoni ni Redio. Akauliza, "Alama yangu ikoje?" Kishimo akamshika mkono, akavikunja vidole vyake na kuvizungusha kama anayetafuta stesheni. Wa kiti mwendo ni Dereva. Binti mwenye ualbino ni Kofia. Kijana mwenye ulemavu wa akili, anayemsalimia kila anayeingia kwa kumpa tano, ni Tano. Humu nitawaandika hivyo. Majina ya kwenye vyeti yabaki kwenye vyeti.

Wiki ya 2

Hapa ndipo mradi ulipogeuka, na uligeuzwa na swali nililouliza ili kupitisha muda wakati mkalimani anakunywa maji.

Niliuliza: nani alipokuwa mdogo alikuwa akitumwa dukani? Akapewa hela, akaambiwa lete sukari nusu na kiberiti, na chenji irudi?

Walionyosha mikono ni watano. Watano kati ya 18.

Nikafikiria utoto wangu. Nilitumwa mpaka nikachukia kuitwa jina langu. Lakini dukani ndiko nilikojifunza kusimama kwenye foleni, kumwamkia mtu mzima kabla ya kusema shida yangu, kukumbuka vitu vitatu bila kuandika, kuhesabu chenji mbele ya muuzaji bila kumkasirisha, na kurudi nyumbani kueleza kwa nini nimeleta chumvi badala ya sukari. Mawasiliano, ushirikiano, muda, kutatua matatizo: mada zote nne zilikuwa kwenye ile safari ya dukani, na hakuna aliyeniambia kwamba nafundishwa. Niliokota tu.

Hawa hawakutumwa. Wengine kwa upendo, wengine kwa aibu ya wazazi, wengine kwa kuwa mdogo wao alikuwa na miguu ya haraka zaidi. Dereva alisema, "Kwetu nilikuwa mgeni wa kudumu. Nilikaribishwa chakula, sikuambiwa lete maji." Amekua na elimu ya kidato cha nne na hajawahi kukaripiwa kwa kuchelewesha kitu cha mtu.

Jioni nikaandika upya mpango. Tutaanza na kutumwa.

Wiki ya 3

Kutumwa kumeanza. Sharti ni moja: kitu kiwe kinahitajika kweli. Ukimtuma mtu kuleta kitu usichokihitaji anajua, na kazi inageuka mchezo. Kwa hiyo kifungua kinywa cha darasa zima sasa kinategemea waliotumwa. Jumatatu tulikunywa chai kavu, kwa sababu Tano alikutana na watu wengi wa kupewa tano njiani na vitumbua vikaisha.

Redio alikwenda genge la pili na noti ya elfu kumi. Noti zetu zinapishana urefu kidogo, ila iliyochoka hudanganya vidole, hivyo yeye huzikunja: elfu kumi mara mbili, elfu tano mara moja, elfu mbili kwa pembe, elfu moja anaiacha wima. Tatizo si noti anazotoka nazo, ni zile anazorudishiwa. Siku ya kwanza hakuuliza, akarudi na pungufu ya elfu mbili. Siku ya pili alimwambia muuza genge, "Dada, nitajie kila noti unayonipa, niikunje." Mwenye genge akataja kwa sauti, foleni nzima ikasikia, na hesabu ikakaa sawa. Nikamuuliza nani kamfundisha sentensi ile. "Njaa," akasema.

Wiki ya 4

Salamu. Nilidhani ni somo la dakika kumi, limechukua siku tatu.

Redio aliwahi kukosa kibarua kwa sababu "hana heshima": aliingia ofisini, mzee alikuwa amekaa kimya kwenye kona, naye akapita bila kumwamkia. Angemwamkiaje mtu asiyejitoa hata kikohozi? Kwa mtu anayeona, chumba kinajitangaza. Kwa Redio chumba kina watu waliosema neno tu. Sasa amejizoeza kuingia na "Shikamooni, habari za humu", kwa sauti ya kufika kila kona, kisha anangoja. Wakijibu "marahaba" anajua kuna wakubwa. Wakijibu "poa" anajua kuna vijana wenzake, na wanamcheka, lakini ameshasalimia.

Kwa viziwi tatizo lilikuwa nyusi. Kwenye lugha ya alama uso ni sehemu ya sarufi. Ukiuliza swali la ndiyo au hapana nyusi hupanda, ukiuliza "wapi" au "kwa nini" hukunjika. Msimamizi anayesikia akiona nyusi zimekunjika anasoma hasira. Kishimo alieleza kwamba alipokuwa akifanya kazi saluni mwenye saluni alimwambia kwa maandishi, "Acha kununa kwa wateja." Alikuwa anauliza wanataka rangi gani.

Na kugusa. Kiziwi humwita mwenzake kwa kumgusa bega, kupunga mkono au kugonga sakafu kwa mguu. Jaribu kumgusa bega meneja wa miaka hamsini na tano ambaye hujamwamkia.

Darasa liligawanyika. Nusu walitaka viziwi wajifunze kulegeza uso mbele ya wanaosikia. Kishimo akakataa: "Mimi nikilegeza uso nitakuwa kama wewe unaongea bila kupandisha wala kushusha sauti. Roboti." Ana haki. Lakini pia anataka kazi. Tuliishia kwenye kikaratasi anachokitoa siku ya kwanza: "Mimi ni kiziwi. Uso wangu ukikunjamana ninauliza. Nikikasirika nitaandika." Sentensi ya mwisho ni yake. Nilitaka kuifuta, nikaiacha.

Wiki ya 5

Mkutano wa wazazi na walezi. Walikuja kumi na mmoja.

Mama mmoja, mzazi wa binti mwenye uoni hafifu, alisimama kabla sijamaliza utangulizi. "Madam, nimesikia mnawatuma barabarani." Nikamjibu, "Ndiyo mama, dukani, na mmoja wetu hufuata nyuma." Akasema, "Wewe mwanangu unamwona mara tatu kwa wiki. Mimi nina naye miaka ishirini na miwili. Siku akigongwa, nyinyi mtaandika ripoti, mimi nitazika."

Sikuwa na jibu, na sikutafuta la haraka. Nilimwomba aje siku moja afuate nyuma mwenyewe. Alikuja Alhamisi, akamfuata bintiye kwa hatua kumi na tano akiwa amejifunika mtandio mpaka machoni kama askari kanzu. Binti alijua tangu mwanzo, kwa harufu ya udi. Hakusema mpaka waliporudi.

Tulijifunza pia kwamba nauli za vijana wawili zinaishia nyumbani. Sasa tunawapa mkononi, ya kwenda na kurudi, kila siku. Kuna mjomba ameacha kunipokelea simu.

Wiki ya 6

Usaili wa mfano. Niliwahi kuwafundisha kuhusu Sheria ya Watu wenye Ulemavu, namba 9 ya mwaka 2010: mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa angalau asilimia 3 yao wawe watu wenye ulemavu. Walilipenda somo hilo kuliko mengine yote. Matokeo yake, Dereva aliingia kwenye usaili, akaegesha kiti, akasema kabla ya kuulizwa jina: "Nadhani unaijua asilimia 3."

Redio aliuliza swali ambalo sijalisahau: "Asilimia 3 ya watu 20 ni sifuri nukta sita. Ataniajiri kuanzia kiunoni?"

Tulicheka, kisha tukajadili kwa uzito. Wapo walioona kwamba sheria ni ngao, na ngao huvaliwa ukiona mshale. Dereva akasema mshale ameuona tangu getini kule anakosailiwa kesho, kwenye ngazi saba zisizo na mteremko. Nami nakubaliana naye kuliko nilivyoonyesha darasani. Ila kwa usaili wa kesho asubuhi nilimshauri aanze na kile anachokijua, yaani kutunza stoo kwa programu ya kompyuta, halafu ngazi azitaje kama suala la kazi: "Nitaingilia mlango gani kila siku?" Ni swali ambalo mwajiri hawezi kulijibu kwa huruma.

Wiki ya 7

Mvua. Bonde la Jangwani likajaa maji, mwendokasi ikasimama, na ubao wetu wa mlangoni ukaondoka na maji. Hakuna darasa kwa siku tatu. Mkalimani amepumzika kwa mara ya kwanza.

Wiki ya 8

Vijana 11 wameanza mazoezi kazini. Siku ya kwanza tu tulikaribia kumpoteza Kishimo.

Alipangiwa kiwanda kimoja cha kufungasha bidhaa. Ofisa alimtumia ujumbe: "Fika kesho 08:00." Kishimo alifika saa nane mchana, amevaa vizuri, na kikaratasi chake cha nyusi mkononi. Mlinzi alimwonyesha saa ya ukutani. Ofisa alinipigia: "Madam, binti yako siku ya kwanza anachelewa saa sita. Hawa watu mnatuletea bila kuwaandaa?"

Niliomba radhi, nikakata simu, nikakasirika, kwanza kwa Kishimo, na hilo nalikiri. Kisha nikauliza darasani: 08:00 ni saa ngapi? Kati ya viziwi saba, watatu walijibu saa mbili bila kusita. Wawili walisema inategemea nani kaandika. Wawili walisema saa nane, maana imeandikwa nane.

Sisi tunaosikia hakuna aliyetukalisha chini kutufundisha kwamba namba ya kwenye simu na saa ya mdomoni zinapishana kwa sita. Tulimsikia baba akiangalia saa inayoonyesha nane na kusema "saa mbili hii, nimechelewa". Tulisikia redio. Tuliokota, kama ilivyokuwa dukani. Kishimo amekulia kwenye nyumba ya watu saba ambamo hakuna hata mmoja anayejua lugha ya alama zaidi ya kula, lala na njoo. Saa ya simu yake alijua kuitafsiri, kwa kuwa alifundishwa shuleni kutoa sita. Ila ujumbe ulioandikwa na mtu aliuchukulia kuwa mtu huyo anazungumza, na watu wakizungumza Kiswahili, nane ni nane. Ukimsikiliza vizuri ana mantiki kuliko ofisa.

Nilichomuuliza ni hiki: ulipopata shaka, kwa nini hukurudisha ujumbe? Maana shaka aliipata. Alikaa nayo usiku kucha. Alijibu kwamba nyumbani akiuliza mara ya pili huambiwa "baadaye", na alama ya "baadaye" kwao humaanisha kamwe. Amejifunza kutokusumbua.

Hakuna mada ya "kusumbua" kwenye mtaala. Nimeiongeza kwa mkono wangu.

Kiwanda walikubali kumpokea upya baada ya mkalimani kwenda mwenyewe. Tangu siku hiyo ratiba zetu zote zinaandikwa hivi: saa 2 asubuhi (08:00). Wino kidogo tu.

Wiki ya 9

Nusu siku na wasimamizi. Niliomba siku nzima, nikapewa asubuhi. Niliwaelezea mgahawa wa Neema Crafts kule Iringa, mradi ulioanza 2003, ambako wahudumu ni viziwi na mteja ndiye anayejifunza alama za kuagizia chai. Wakaona kumbe inawezekana mzigo ukageuka upande. Tukafanya alama kumi, na kanuni moja: ukiongea na kiziwi mtazame yeye, usimtazame mkalimani ukasema "mwambie".

Lakini jambo la siku lilitoka kwa msimamizi wa kufulia kwenye hoteli anakofanya mazoezi Tano. Alisema kila kitu kinakwenda vizuri. Nikauliza taulo anazokunja Tano zinakuwaje. Kimya. Kisha akakiri kwamba kila jioni huzikunja upya mwenyewe, mia moja na kitu, baada ya kijana kuondoka. "Namwonea huruma, dada yangu. Anafurahi sana."

Nikaenda hotelini na kadi za picha: taulo bapa, kunja nusu, kunja tena, ukingo ndani. Tukazibandika ukutani usawa wa macho yake. Msimamizi akazirudisha taulo tatu mbele yake na kumwonyesha picha ya nne. Tano alinuna siku mbili. Hakumpa mtu tano, hata mimi. Siku ya tatu alizirudisha mwenyewe taulo za mfanyakazi mwenzake, akimwonyesha picha ya nne. Huyo mwenzake naye amenuna, na hilo ni suala la hoteli.

Wiki ya 11

Kofia anafanya mazoezi kwenye duka la vifaa vya maandishi na alikalishwa dirishani, jua la magharibi likimpiga kuanzia saa tisa. Ana mafuta ya kukinga jua ya Kilisun, yale yanayotengenezwa Moshi, na mikono mirefu, lakini mwanga ukigonga skrini haoni bei. Nilimwambia aandike ombi la kuhamishwa meza. Alileta barua yenye "samahani" nne, "kama haitakuwa usumbufu" moja, na mwishoni "lakini hata nikibaki hapo si mbaya".

Tukaifuta pamoja. Kiswahili kina "naomba", na ndani yake adabu imeshatoshelezwa. Barua ya mwisho ilikuwa na mistari mitatu: naomba kuhamia meza ya ndani, mwanga wa dirishani unanizuia kusoma bei, nikihamia nitahudumia foleni kwa kasi. Alisita kwenye neno "kasi", akasema ni kujisifu. Aliihesabu mwenyewe kwa siku mbili, wateja kabla ya saa tisa na baada ya saa tisa, akaniletea daftari. Tofauti ilikuwa karibu nusu. Amehamishwa Ijumaa. Mwenye duka alisema angemhamisha siku ya kwanza kama angeambiwa. Huenda ni kweli.

Wiki ya 12

Hesabu. Walioanza 18, waliomaliza 16. Mmoja aliacha kwa sababu familia ilihamia Tanga. Mwingine hatujui, simu haipatikani, na nyumbani walituambia "hayupo" kwa namna ambayo sikuipenda. Tutarudi. Waliopata mkataba wa miezi mitatu ni sita, Kishimo na Tano wakiwamo. Dereva hakupata pale kwenye ngazi saba. Ameitwa kwingine, na alipouliza kuhusu mlango, waliweka ubao wa mteremko siku ileile, ambao Redio anauita "asilimia 3". Redio na wenzake wanne wanaandika katiba ya kikundi ili waombe mkopo wa halmashauri, ile asilimia 2 ya watu wenye ulemavu ndani ya asilimia 10 za mapato ya ndani ambazo halmashauri hutenga kwa mikopo ya vikundi. Wanabishana nani awe mweka hazina, na mwenye noti zilizokunjwa anaelekea kushinda.

Kilichoshindikana: mkalimani mmoja hakutosha, na wiki ya 10 hatukukutana kabisa kwa kuwa alikuwa anaumwa. Wenye ulemavu wa akili walihitaji mtu wa kuwa nao kazini siku kumi za mwanzo, tulimudu tatu. Na mkutano wa wazazi ungekuwa wiki ya kwanza, si ya tano.

Kikao cha kufunga ni kesho. Nilituma tangazo jana usiku kwa kikundi kizima, nimechoka. Saa 12 asubuhi simu ikalia. Kishimo: "Madam umeandika saa 3 asubuhi (08:00). Ni ipi? Nasumbua."